Njia za kukimbia Moshi: hesabu makorongo, kilomita ziache

Mleta mada, umesema unahamia Moshi mwezi ujao kikazi, Dar umezoea kilomita 10 za alfajiri kando ya bahari, na unataka njia "yenye mandhari ila isiyo na milima sana". Samahani, nimecheka. Nakimbia huku mwaka wa tisa sasa. Njia unayoitaka ipo, ila haipo unakoitafuta.

Kwanza elewa mlima ulivyokaa. Kilimanjaro ni volkano, tena tatu zilizokaa pamoja: Shira, Mawenzi na Kibo. Lava na majivu vilishuka pande zote, kisha mito ikaja kuchimba juu yake. Leo ukiutazama upande huu wa kusini ni kama sketi ya malinda: mgongo, korongo, mgongo, korongo, yote yakitoka juu kuja chini. Barabara nyingi zinafuata migongo. Ndiyo maana ukipanda Mweka, Kibosho au Uru unapanda moja kwa moja hadi uchoke, ukigeuka unateremka hadi nyumbani. Shida inaanza pale unapotaka kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine.

Mimi nilijifunza kwa miguu yangu. Mwaka wa kwanza nilipanda daladala hadi Mweka nikiwa na mpango wa kukimbia kwa njia za juu kutokea Uru. Ramani ya simu ikaniambia kilomita 6. Korongo la kwanza nilishuka nikishikilia migomba, nikavuka mto kwenye gogo, nikapanda ng'ambo kwa mikono na miguu. Juu nikakuta vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za Wachagga, tambarare ya hatua mia tatu hivi, halafu korongo lingine. La tatu ndilo lililonimaliza. Bibi mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akaniuliza, "Mwanangu, unafukuzwa na nani?" Nikamwambia nafanya mazoezi. Akanitazama kuanzia raba hadi kichwani, akanipa ndizi mbivu mbili, akanionyesha barabara ya gari. Nikasema aika, asante ya Kichagga, nikatafuta bodaboda. Saa mbili na nusu zilikuwa zimekatika na saa yangu ya mkononi inasoma kilomita 9.

Tangu siku hiyo mtu akinipa njia ya huku siulizi ni kilomita ngapi. Nauliza inakata makorongo mangapi.

Sasa njia zenyewe. Ya kuanzia ni Mweka, kwa sababu haina cha kupotea. Mjini uko juu kidogo ya mita 800, geti la hifadhi la Mweka liko karibu mita 1,640, na katikati ni kupanda tu. Ndiyo njia inayotumika kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003 na hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Wa nusu marathoni wanapanda Mweka na kurudi. Wa kilomita 42 wana msiba zaidi: wanaanza na barabara kuu iliyo tambarare, wanajisikia wafalme, halafu mlima unawangoja nusu ya pili. Wengi wanaoishiwa nguvu pale wanakuwa wameutumia mguu wote chini.

Ukipanda, sahau kasi yako ya Dar. Kipimo changu ni salamu. Huku kila mtu anasalimia, kuanzia mama anayepeleka ndizi sokoni hadi mtoto wa shule. Ukishindwa kuitikia "shikamoo" ya mtoto kwa sauti ya kawaida, umezidisha, punguza. Kutembea vipande vyenye mwinuko mkali si aibu, hata wazoefu wanatembea.

Kinachoumiza watu wa Pwani, na hapa nisikilize vizuri, ni kushuka. Kupanda kunachosha pumzi tu, na pumzi inarudi baada ya dakika tano. Kushuka kunakula mapaja, kwa sababu kila hatua msuli unashika breki huku unavutwa. Wiki yangu ya kwanza nilishuka Mweka kwa furaha kama mtoto aliyeachiwa shule. Siku mbili zilizofuata nilikuwa nashuka ngazi za ofisini kinyumenyume, wenzangu wakidhani natania. Shuka kwa hatua fupi za harakaraka, magoti yakunjike kidogo, usitupe mguu mbele ukatua na kisigino. Na raba ziwe na nafasi mbele ya vidole, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi.

Ukichoka na lami, tafuta mfereji. Hii ndiyo siri ya mlima na wageni wengi hawaijui. Wachagga wamechimba mifereji ya kumwagilia vihamba tangu enzi za mababu, inachukua maji kwenye mto ndani ya korongo na kuyatembeza kandokando ya mgongo. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo mfereji unateremka taratibu mno, na kijia kilicho pembeni yake ndiyo tambarare pekee utakayoipata huku juu. Unapita chini ya migomba na kahawa, kivuli kitupu. Lakini ni njia ya watu: omba ruhusa ukiingia kwenye kihamba, usikanyage kingo zikabomoka, na subiri kupambazuke kabisa maana mbwa wa ulinzi huwa bado wamefunguliwa alfajiri.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, achana na njia za udongo. Udongo huu wa volkano ukikauka ni vumbi laini kama unga, ukilowa ni sabuni. Baki kwenye lami. Na juu ya geti usipite: pale ni hifadhi ya taifa, unaingia kwa kibali na malipo.

Kwa wenye miguu tayari, kuna barabara ya lami ya Marangu kwenda Mkuu na Tarakea, Rombo. Ile inakata migongo yote ya mashariki, inapanda na kuteremka kama bahari ya Kusi. Mimi naipenda kuliko Mweka, ila usiiguse kabla ya miezi mitatu.

Na ile yako "isiyo na milima sana"? Geuza mgongo, elekea kusini kwenye mashamba ya miwa ya TPC, kampuni ya sukari. Tambarare hadi macho yanachoka, na mandhari unayoitaka iko mbele yako wakati wa kurudi: Kibo nzima, kama umewahi kabla mawingu hayajaifunga. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa tatu jua la kule si la mchezo, na malori ya miwa hayakupishi.

Mwezi wa kwanza nakushauri hivi: Jumamosi panda Mweka kwa miguu, kunywa chai huko juu, vaa sweta maana jasho likipoa kuna baridi, kisha rudi mjini kwa daladala. Konda atakuuliza kwa nini umelowa na mvua haijanyesha.