Vipuri vya oda na vya dukani katika redio ya nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina amplifaya ya mtumba iliyotoka Japani na spika mbili nilizozinunua hapa Dodoma, ambazo husikilizia taarabu na ngoma za Kigogo. Fundi mmoja wa Majengo amenishauri niondoe rezista (vipuri vinavyozuia mkondo wa umeme) na kapasita (vinavyohifadhi chaji ya umeme) zote, niagize nyingine zilizotengenezwa kwa mkono nje ya nchi, kisha nisukiwe transfoma mpya, yaani kifaa kinachobadilisha volti. Anasema kipuri cha oda ni kama suti ya kushonesha, kwamba hukukaa vizuri kuliko ya dukani. Gharama zake zinakaribia bei ya amplifaya nyingine. Je, nimsikilize?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize kuhusu transfoma, lakini yaliyobaki uyapime kwanza. Suti hushoneshwa kwa sababu mabega ya watu hayafanani, ilhali rezista ya omu 1,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hutakiwa iwe omu 1,000 kwa kila mtu. Rezista za kawaida za filamu ya metali hazipishani na thamani iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 1, na mashine ya kiwandani hulifikia lengo hilo kwa wepesi kuliko mkono wa binadamu. Iwapo fundi anataka jozi zinazolingana kabisa kwa upande wa kulia na wa kushoto, anunue ishirini za dukani, azipime kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, na achague.

Kapasita za elektroliti zina habari tofauti kidogo, kwa kuwa huzeeka, na katika amplifaya ya miaka mingi kuzibadilisha ni jambo la busara. Hata hivyo, cha kutazama ni joto na saa zilizoandikwa kwenye maelezo yake, si jina la aliyezitengeneza. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, kila nyuzi 10 za joto zinapopungua, umri wa kapasita huongezeka maradufu: iliyokadiriwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itaishi takriban saa 32,000 ndani ya kifaa chenye nyuzi 65, ilhali ya nyuzi 85 yenye saa hizohizo itaishi takriban 8,000. Kwa jua letu la Oktoba na vumbi linaloziba matundu ya hewa, tofauti hiyo utaiona mapema kuliko utakavyoisikia tofauti ya kapasita ya kifahari.

Transfoma ni suala jingine. Umeme wa Japani ni volti 100, wa kwetu ni volti 230 kwa hezi 50. Kwa hiyo transfoma iliyosukwa kwa kipimo chetu, yenye chuma cha kutosha na isiyopata moto, inatatua tatizo ambalo kiwanda cha kule hakikulikusudia. Hapo mkono wa fundi una thamani, mradi ajue kukokotoa idadi ya mizunguko ya waya.

Lakini mimi fedha za vipuri vingine ningezipeleka kwenye spika. Amplifaya nzuri ya kawaida huweza kupotosha sauti kwa chini ya asilimia 0.01, na spika inayopiga besi kwa nguvu ikapotosha kwa asilimia 1 au zaidi. Ukiacha shimo hilo ukaziba ufa, utakuwa umelipia kazi isiyosikika. Boksi ndilo linalostahili kushoneshwa, kwa sababu ujazo wake na kipimo cha tundu la hewa hutegemea tabia za spika yenyewe, kwa hesabu ambazo mhandisi Neville Thiele alizieleza mwaka 1961 na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Ukipata mninga uliokaushwa vizuri, ambao hauchezi sana hewa inapokauka, seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea boksi zito lisilotetemeka.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi abadilishe upande mmoja tu. Lisha pande zote mbili mlio uleule wa hezi 1,000, sawazisha volti kwenye nyaya za spika zisipishane kwa zaidi ya asilimia 1, kwa kuwa sikio hudhani chenye sauti kubwa kidogo ndicho bora, kisha unganisha spika moja tu na mtu mwingine ahamishe nyaya zake bila wewe kuona. Ukishindwa kutaja upande uliobadilishwa zaidi ya kubahatisha, rudisha vipuri vya zamani. Usikilizie ilimba, ala ya Wagogo ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, kama unayo rekodi yake, ila mvumo wake usikutie shaka: mtengenezaji wa ala hiyo huuweka kwa makusudi kwa utando wa buibui, na si kasoro ya spika.