Kwa mwanangu, kuhusu wale ambao si stelingi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na usiku mama yako alipolala nikausikiliza tena. Unasema umri unakwenda, na katika tamthilia zote ulizocheza hapo Dar es Salaam umekuwa nesi, mama mwenye nyumba, shangazi wa bwana harusi, askari wa kaunta, na safari moja marehemu aliyefunikwa shuka. Halafu ukauliza: "Baba, yupo mtu aliyezeekea kwenye vijisehemu kama hivi na moyo wake ukatulia, au najidanganya tu?" Najua kwa nini umeniuliza mimi. Hujazaliwa bado nilikuwa nimeshika maikrofoni juu ya vichwa vya waigizaji. Nakujibu kwa maandishi, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Yupo. Anaitwa Harry Dean Stanton. Jina huenda hulijui, ila uso wake umewahi kuuona: mzungu mwembamba, mashavu yameingia ndani, macho ya mtu aliyekesha. Alizaliwa mwaka 1926 West Irvine, kimji cha Kentucky, Marekani. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana, akaingia jeshi la majini, akapika melini na kufika hadi mapigano ya Okinawa, kisiwa cha Japani. Baada ya vita akajaribu chuo kikuu, huko akaonja jukwaa, akaondoka kwenda California kujifunza maigizo Pasadena Playhouse. Tangu miaka ya 1950 mpaka alipofariki Septemba 2017, akiwa na miaka 91, hakuacha kazi. Filamu zake zinapita 100, bado hujaweka tamthilia. Humo mote, zile alizokuwa stelingi, yaani mhusika mkuu, utazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vitabaki.

Utotoni hapa Tanga, tukitoka sinema, tulikuwa na sheria moja isiyopingwa: stelingi hafi. Wengine wote ruksa. Adui atakufa, rafiki wa stelingi atakufa tena mapema, mwenye duka atapigwa risasi akiwa bado anafuta meza. Stanton alikuwa wa kundi hilo la ruksa. Miaka yake ya mwanzo aliishi kwa tamthilia za wachunga ng'ombe na bastola, zilizokuwa zimejaa kwenye televisheni za Marekani. Katika Gunsmoke alirudi mara kadhaa, kila mara akiwa mtu mwingine. Hakuna mtazamaji aliyelalamika kwamba huyu si alikuwa fulani juzi. Hata jina hakulipata lote: aliandikwa Dean Stanton, kwa kuwa kulikuwa na mwigizaji mwingine aitwaye Harry Stanton.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katikati ya miaka ya 1960, mwigizaji Jack Nicholson, rafiki yake waliyewahi kuishi nyumba moja, aliandika filamu ya wachunga ng'ombe, Ride in the Whirlwind, akampa Stanton sehemu ya mkuu wa majambazi mwenye kitambaa kwenye jicho moja. Kisha akampa maelekezo ambayo Stanton aliyasimulia mpaka uzeeni: usifanye chochote. Nguo zako ndizo zitakazomcheza jambazi, wewe kuwa wewe tu. Mtu amefungwa kitambaa jichoni, ana bunduki, wenzake wanamwita mkubwa. Akianza tena kunguruma na kutoa meno, anamwambia mtazamaji kitu anachokijua tayari. Stanton alisema tangu hapo uigizaji wake ulibadilika.

Nakwambia haya kwa sababu nimekuangalia vizuri, na si kama baba tu. Yule mama mwenye nyumba uliyemcheza mwaka jana alikuwa na kazi moja: kuja kudai kodi. Umeingia, umeshika kiuno, umebinua midomo, umepiga kofi la mkono, umekumbuka marehemu mumeo, ukatokwa na machozi, ukatoka kwa msonyo. Ndani ya dakika moja na nusu! Mama yako alipiga vigelegele sebuleni. Mimi niliona mtu anayeandika barua ya maombi ya kazi. Ulikuwa unamwonyesha prodyuza yote unayoyaweza ili safari ijayo akupe zaidi, na mwenye nyumba mwenyewe sikumwona. Mwenye nyumba wa kweli akija kudai kodi hana haja ya kukushawishi kwamba ana hasira. Nyumba ni yake. Anaweza kusimama mlangoni akauliza hali za watoto, nawe tumbo likakukata.

Linganisha na yule nesi wa wodini, uliyenieleza kwa aibu kwamba "hata sikusema kitu." Stelingi analia juu ya kitanda cha mamaye, wewe nyuma unatengeneza dripu, unaangalia saa yako ya kifuani, unaandika. Hukumwangalia hata kidogo. Ndiyo maana kilio chake kikaaminika: palikuwa na mtu ambaye kwake hii ilikuwa Jumanne tu. Ile ndiyo kazi bora uliyowahi kufanya, na najua hutaki kusikia hivyo.

Tafuta Alien, filamu ya mwaka 1979, najua za kutisha huzipendi. Stanton ni Brett, fundi wa chini kwenye chombo cha angani, kofia kichwani, shati la maua. Yeye na fundi mwenzake, ambaye ni Yaphet Kotto, wanapoingia tu kwenye mazungumzo hoja yao ni mgao wa malipo: kwa nini mafundi wapate kidogo kuliko wengine? Hawaulizi siri za ulimwengu. Wanauliza posho. Kwa hiyo unaamini kwamba chombo kile ni mahali pa kazi, na dude likianza kuua watu, linaua wafanyakazi. Baadaye Brett anatumwa kumtafuta paka. Vaa spika za masikioni ufike hapo: minyororo inagongana juu, maji yanadondoka, na yeye anavua kofia anaacha matone yampige usoni. Anapoa tu, kama mpakua mizigo yeyote wa bandarini saa nane mchana. Hajui kilicho juu yake, na mwili wake haujui. Mwigizaji mwingine angeanza kuogopa mapema, kwa kuwa skripti ameshaisoma.

Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, alitunga kanuni kwamba filamu yoyote yenye Stanton, au mwigizaji mwingine wa aina yake, M. Emmet Walsh, kwenye sehemu ndogo haiwezi kuwa mbaya kabisa. Baadaye akakiri kwamba ziliwahi kutokea zilizoivunja. Hata hivyo, ni stelingi gani aliyetungiwa kanuni ya namna hiyo?

Lakini umeuliza habari ya moyo kutulia, na hapo sitakudanganya. Stanton alichoka. Amekaribia miaka 60, ameshacheza wezi, walevi, wafungwa na maofisa wa FBI, anakutana na mwandishi Sam Shepard kwenye baa huko Santa Fe, anamwambia amechoshwa na watu anaopewa kucheza. Anatamani walau mara moja acheze kitu chenye uzuri, chenye moyo. Hakujua kwamba Shepard alikuwa anamfikiria kwa filamu ya mwongozaji Mjerumani, Wim Wenders. Hiyo ikawa Paris, Texas, iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1984. Akiwa na miaka 57, ndipo akawa stelingi. Na stelingi mwenyewe kwa muda mrefu mwanzoni hasemi neno, anatembea tu jangwani na kofia nyekundu. Karibu na mwisho anakaa kwenye kibanda cha kioo, mkewe waliyeachana hamwoni, anamsimulia maisha yao kana kwamba ni ya watu wengine. Ni maneno mengi mno, na sauti haipandi hata pale mimi ningetegemea ipande. Kwa sikio langu la fundi sauti, sijasikia kilichonishinda kama hicho.

Ungetarajia baada ya hapo mlango ufunguke. Haukufunguka, au ulifunguka naye hakuingia. Miaka miwili baadaye alikuwa baba wa binti katika filamu ya vijana wa sekondari, Pretty in Pink. Akaendelea hivyo hivyo: mtume Paulo katika filamu ya mwongozaji Martin Scorsese, mfungwa katika The Green Mile, na alipogota miaka 80 akawa mzee wa wake wengi anayejiita nabii kwenye tamthilia ya Big Love. Sehemu nyingine ya mhusika mkuu yenye uzito ule ilimjia akiwa karibu na miaka 90, katika Lucky. Aliyemwongoza, John Carroll Lynch, naye ni mwigizaji wa sehemu ndogo aliyekuwa anaongoza filamu kwa mara ya kwanza. Stanton alifariki wiki mbili kabla haijaingia kwenye majumba ya sinema.

Kwa hiyo hata yeye kungoja kulimuuma. Ila siku alipokuwa anangoja, kazi ya siku ile aliifanya kama ilivyotakiwa.

Yupo wa karibu nasi kidogo, Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia California. Filamu yake ya kwanza, Crank ya mwaka 2006, alikuwa dereva wa teksi kutoka Haiti. Hata jina mhusika hakupewa. Mwaka 2025 alikuwa shujaa Mister Terrific kwenye filamu ya Superman. Bado si stelingi, stelingi ni yule mwenye joho jekundu, lakini muulize mpwa wako alitoka sinema anamsimulia nani.

Sasa pesa, mama yako asije akasema nimekulisha hadithi. Watu kama Stanton hawakuishi kwa kipaji peke yake. Mwaka 1960 chama cha waigizaji wa Marekani kiligoma, kikapata kwamba filamu inapouzwa kwa televisheni mwigizaji analipwa tena, na papo hapo pakaanza mfuko wa pensheni na matibabu. Sehemu ya dakika tatu ikirudiwa miaka ishirini, ni hundi ndogo ndogo zinazoendelea kufika. Hata huko si pepo: mwaka 2023 waligoma siku 118, kwa sababu filamu zinazotazamwa kwa intaneti zilikuwa zinawalipa vichele, na mwigizaji alitakiwa aingize dola 26,470 kwa mwaka ndipo apate bima ya afya. Wengi hawafiki. Lakini wana chombo cha kugomea. Wewe unalipwa siku ya kushuti, mara nyingine nauli, na tamthilia ikirudiwa mwaka mzima hupati hata vocha.

Hapa kwetu Tanga tulikuwa na mchekeshaji Amri Athumani, King Majuto. Nchi nzima ilimcheka hata kabla hajafungua mdomo. Alipofariki hospitali ya Muhimbili Agosti 2018, tulikuwa tumemaliza miezi tukisikia habari za ugonjwa wake na malalamiko kuhusu mikataba yake ya matangazo. Huyo ndiye aliyekuwa juu kabisa. Basi wewe wa chini usisaini karatasi kwa furaha ya kuitwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, si mtunzi peke yake. Isome, si ndefu.

Unataka nikwambie uache au uendelee. Nadhani uendelee, kwa sharti kwamba kodi ya nyumba isitegemee uso wako. Una sauti ya kifua na unasoma bila kukwama. Tamthilia za Kituruki na za Kihindi zinazoingizwa sauti za Kiswahili zinahitaji watu wa namna hiyo, na kule hakuna anayeuliza kama una umbo la stelingi. Ni kazi ya kuchosha, kukaa kibandani saa nzima ukifuatisha mdomo wa mtu mwingine, lakini inalipa kwa kipindi, na itakufundisha kusikiliza. Ukifika miaka hamsini ndipo watu wa aina yako wanaanza kutafutwa kweli. Wasichana wazuri wa sasa watakuwa wamehamia kwenye biashara ya vipodozi, na kila skripti itakuwa na mama mkwe.

Ule mkataba ulioniambia, usiusaini kabla sijauona. Piga picha kurasa zote, siyo ya mwisho tu, unitumie. Nataka kuona wameandika nini kuhusu marudio na kuhusu kuuza nje ya nchi. Kama wameandika "kwa matumizi yote, milele," mwambie prodyuza kwa adabu kwamba baba yako anauliza milele ni shilingi ngapi.

Mama yako anakusalimu. Anauliza lile wigi la yule shangazi ni lako au la kampuni, maana kuna harusi ya binamu yako mwezi ujao.

Ni mimi baba yako,
Tanga