Maswali ya Wasomaji: Kifaa kipya cha kusomea vitabu

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mwanangu amenitumia Kindle mpya. Hapa Wete ninaisoma barazani juani bila taabu na chaji hudumu siku nyingi, lakini vitabu vyangu vya PDF vilivyopigwa picha vina herufi ndogo mno, na mara nyingine ukurasa ukigeuka kioo hugeuka cheusi ghafla. Je, ni kibovu?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu msomaji. Kifaa chako ni kizima. Kioo hicho hakitegemei mwanga wa nyuma kama cha simu, bali umeme husogeza chembe ndogo za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo hubaki zilipo bila kula chaji mpaka ukurasa ubadilike. Huo weusi wa ghafla hufuta mabaki ya ukurasa uliotangulia. Kuhusu PDF, jaribu kukilaza kifaa kwa upana au, bora zaidi, tafuta kitabu hichohicho katika muundo wa EPUB, ambao huduma ya Amazon ya kutuma vitabu kwenye Kindle imeupokea tangu 2022, na herufi zake hukuzwa upendavyo. Ukiukosa muundo huo, kurasa zilizopigwa picha hazina dawa hiyo ya kukuza herufi. Kwa maoni yangu, hizo zisomee kwenye tableti.