Mawimbi ya kusi, jodari wa kaskazi: mnauliza, Mjomba anajibu

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu barabara moja, ile inayotoka Nyali kwenda Malindi, kilomita kama 120. Naona watu wametazama kwenye simu vijana wakiteleza juu ya mawimbi, na sasa kila mtu anataka ubao mkono huu na sahani ya samaki mkono ule. Haya, tuanze.

Mjomba, shikamoo. Tuko marafiki watano, tunataka kushuka Pwani Desemba. Tuteleze mawimbi Malindi asubuhi, mchana tule jodari. Siku saba zinatosha? – Nakuru

Marahaba, wanangu. Siku zinatosha, ila mmekosea mwezi. Pwani yetu inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Machi. Bahari hulala, mashua zikatoka nje ya mwamba wa matumbawe bila wasiwasi, na huo ndio wakati wa jodari, nguru na kolekole. Kusi hushika kuanzia Aprili mpaka Septemba, na makali yake ni Juni hadi Agosti. Hapo bahari huchafuka, na mvuvi mwenye kidau chake hukaa kivulini akishona nyavu. Mawimbi mnayoyataka nyinyi ndiyo yanayomzuia yeye kwenda kazini, kwa hiyo hivyo viwili kuvipata pamoja ni kazi.

Zaidi ya hapo, kaskazi husukuma tope la mto Sabaki kuelekea mjini Malindi, na maji ya Desemba mara nyingi huwa na rangi ya chai ya maziwa. Mtu hajatoka Nakuru kuja kuogelea kwenye chai.

Mimi ningekuja Agosti, na wala msidhani mtalala njaa. Mikokoni kusi haisumbui. Kuna kaa wa Mida karibu na Watamu, kuna chaza wa hori la Kilifi, na kuna kamba wa ghuba ya Ungwana, ambao hupenda maji ya mito baada ya masika. Dabaso, hapo hapo Mida, kuna kikundi cha wenyeji chenye mkahawa wa mbao juu ya mikoko, na sambusa zao za kaa zimenifanya nisahau jodari zaidi ya mara moja. Fahamuni tu kwamba Waislamu wengi wa Pwani hawali kaa, kwa hiyo mwenyeji wenu akikataa kuonja, msimlazimishe.

Nilikodi ubao Bamburi mwezi wa saba, msimu wenyewe wa kusi, nikakaa juu yake saa mbili kama niko bwawani. Mawimbi nayaona kule mbali, meupe, lakini hayafiki. Nilitapeliwa? – Thika

Hukutapeliwa, dada, ulizuiwa na mwamba. Kutoka Diani hadi Watamu, sehemu kubwa ya pwani ina ukuta wa matumbawe mbele yake, na ule mstari mweupe ulioona ndipo wimbi linapofia. Usijaribu kulifuata na ubao wa kukodi. Chini yake kuna mawe makali na wale viumbe weusi wa miiba mirefu, na ukiwakanyaga utarudi Thika umebebwa.

Malindi mambo ni mengine, na sababu ni hilo hilo tope la Sabaki nililolilaumu hapo juu. Matumbawe hayastawi penye tope na maji ya mto, kwa hiyo mbele ya mji kuna pengo kwenye ukuta. Wimbi hupita na kuja kuvunjikia mchangani, palipo salama kwa mwanafunzi. Ndiyo maana mji huo una vijana wanaoteleza vizuri kabisa, wengine walianza na kipande cha mbao. Ingia alfajiri, kabla upepo haujapanda na kuyavuruga mawimbi. Ukichoka, tembea hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Huyo aliondoka hapo Aprili 1498 kwenda India, kusi ikimsukuma, na rubani alimpata hapo hapo Malindi.

Ubao wa kawaida au kaiti? – Kisumu

Penye mwamba na upepo, kaiti, yaani ubao unaovutwa na tiara: Diani, Watamu, na Che Shale kaskazini ya Malindi. Penye wimbi, ubao. Kaiti bila mwalimu hapana, hata kama umeangalia video ishirini.

Mjomba, maji yanajaa na kupwa saa ngapi? Kila tukifika ufukweni tunakuta bahari imekwenda zake. – Machakos

Swali hili nimelipenda, maana wageni wengi hupanga safari kwa saa ya ukutani na bahari haina habari nayo. Tazameni mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4. Siku hizo, kuanzia Mombasa hadi Malindi, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ongezeni kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka, maji yanajaa saa nne, lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Kwa hiyo mkija wakati wa bamvua, saa nne asubuhi msiangalie bahari kwa hasira. Wakati huo watu wanatembea juu ya mwamba na mikuki yao wakitafuta pweza. Jioni ulizeni supu yake, au pweza wa nazi na mkate wa sinia.

Tule wapi bila kuuziwa samaki wa juzi? Hoteli moja ilituuzia "fresh" iliyokuwa na barafu tumboni. – Nairobi

Poleni. Mkitaka kuwa na hakika, msianze na hoteli. Nendeni diko, pale wavuvi wanaposhushia samaki, asubuhi mashua za usiku zinaporudi, mchague samaki wenu hapo hapo. Jicho liwe limetuna na kung'aa, mashavu mekundu, na ukibonyeza nyama irudi. Kisha mpelekeeni mama karanga. Hao akina mama wa kukaanga samaki wapo karibu na kila diko, na kwa malipo kidogo watampaka samaki wenu ukwaju na pilipili na kumkaanga mbele yenu. Changu na tafi ndio saizi ya sahani. Chewa mkubwa mgawane.

Onyo moja: ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Watamu na Malindi kuvua ni marufuku, na zimelindwa tangu 1968. Mtu akikunong'oneza kwamba kambakochi wake ametoka huko ndani, usinunue.

Tukifika Malindi, tuendelee hadi Lamu na gari letu? – Eldoret

Gari lenu litaishia Mokowe, kisha ni boti. Safirini mchana tu, na kabla ya kuvuka Garsen ulizeni polisi hali ya njia siku hiyo hiyo, si ya wiki iliyopita. Wakisema subirini, basi subirini. Shela, kisiwani Lamu, mtapata ufuko wa kilomita kama 12 usio na mwamba wa kuuzuilia wimbi la kusi, na ubao utabebwa na punda.