Kanji usiyojua kuisoma unaitafutaje?
Ndugu uliyeuliza utaitafutaje kanji, zile herufi za Kijapani za mtindo wa Kichina, wakati hata kuisoma hujui, mbona simpo. Ingia Jisho, kamusi ya Kijapani ya mtandaoni, kuna sehemu ya kuichora au unachagua vipande vyake, mfano 休 unabonyeza mtu na mti inakuja, maana yake kupumzika. Ila asili ya kanji usiitafute hapo, nenda Wiktionary ya Kiingereza, nayo kamusi ya mtandaoni, wanaonyesha mpaka maumbo ya kale yaliyochongwa kwenye mifupa huko China. Na usidanganyike eti kila kanji ina kastori, nyingi kipande kimoja kinabeba maana kingine sauti tu, cheki 晴 na 清, zote zinasomeka sei sababu ya kipande 青 kilichomo ndani yake. Halafu 峠, yaani njia inayovuka mlima, usihangaike nayo China, hiyo Wajapani waliitunga wenyewe, vipande vyake mlima, juu, chini, basi.