Wasomaji Wanauliza: Kituo Kimejaa, Lakini Msaada Uko Wapi?

Safari hii maswali yote yametoka kwa watu wanaojitolea kufanya kazi na vijana wenye maisha magumu: walioacha shule, wasio na kazi, waliobebeshwa mzigo wa familia mapema. Barua tumezifupisha.

SWALI: Ndugu wahariri, kituo chetu hujaa kila Jumamosi. Vijana wanacheza mpira, lakini tukianza mada ya stadi za maisha wanatawanyika. Tuwazuilie mpira mpaka wasikilize mada kwanza?

JIBU: Msiwazuilie. Kijana huja kituoni kwa hiari yake, na nguvu ya kazi hii yote iko hapo. Siku mtakapoanza kumlipisha mchezo kwa mahubiri, wa kwanza kukata mguu watakuwa wale mliowafungulia kituo, maana hao wamekwisha kuambiwa vya kutosha nyumbani, shuleni na barabarani.

Badilisheni mpangilio wa watu wazima badala ya ratiba. Wakija vijana 20, wekeni watu wazima watatu. Mmoja achezeshe, wa pili aandikishe majina na kutunza vifaa, wa tatu asipewe shughuli yoyote. Huyo wa tatu ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote: anakaa pembeni na wanaongoja zamu, anakunja nyavu pamoja nao, anajua nani hajaonekana wiki mbili na nani amekuja bila kula. Mazungumzo yenye maana huzuka hapo, mikono ikiwa na kitu cha kufanya na macho yakiangalia mchezo. Mkimkalisha kijana kitini mkatazamana naye uso kwa uso, mara nyingi atajibu "poa tu" na yataishia hapo.

Baada ya miezi michache wapeni madaraka ya kweli. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart alichora ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana yenye vidato vinane, na vile vitatu vya chini alisema si ushiriki hata kidogo: kuwatumia, kuwafanya mapambo, na kuwaweka ili waonekane wapo. Vituo vingi vimekwama hapo. Vijana huitwa mkutanoni kutoa maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa, nao wanalijua hilo kabla hawajakaa. Afadhali muwape fungu dogo la bajeti, muwaambie kiasi chake na mipaka yake, kisha muwaachie waamue. Wakinunua kitu ambacho nyinyi msingekinunua, nyamazeni.

SWALI: Wanaokuja kwetu ni watoto wenye nafuu. Wale wa kijiweni hawaji hata tukiwaalika. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwaliko hautoshi. Mwenye shida zaidi ana sababu zake za kutokuja: saa zenu ndizo saa zake za kibarua, alishafukuzwa mahali pengine, fomu ya kujiandikisha inamtaka asome na kuandika, au kituo kiko upande wa mtaa asiothubutu kupita. Mfuateni.

Nendeni wawili wawili, siku zilezile, saa zilezile, watu walewale. Kwa wiki sita hadi nane za mwanzo msalimie tu na mjulikane kwa majina. Msiwe na daftari, msipige picha, msitoe ahadi. Viongozi wa eneo na polisi wajue nyinyi ni nani, ila msionekane mkitembea nao, kwa sababu kutwa moja tu inatosha kuwafanya muitwe wapelelezi. Kijiwe ni chao, wageni ni nyinyi. Mkiambiwa leo si siku nzuri, ondokeni bila kuuliza, na wiki ijayo mrudi kama kawaida. Kosa kubwa hapa ni kubadilisha wahudumu kila mwezi. Kila sura mpya inairudisha kazi nyuma karibu mwanzo kabisa.

Kwa wasichana tatizo ni jingine. Wengi hawako kijiweni, wako nyumbani wakipika na kulea. Mhudumu wa kike aende akazungumze na mzazi au mlezi wa nyumbani, aulize saa ipi nyumba inaweza kumwachilia, na kituo kitenge pa kuwaweka watoto wadogo. Bila hilo la mwisho, kina mama vijana mtawasikia kwenye ripoti tu.

SWALI: Kuna pendekezo tuwapeleke wakorofi gerezani ili wafungwa wawatishe, waone mwisho wa njia yao. Mnasemaje?

JIBU: Msifanye. Marekani walianza mipango ya namna hiyo miaka ya 1970. Baadaye watafiti waliwagawa vijana kwa bahati nasibu, wengine wakapelekwa, wengine wakaachwa. Matokeo ya majaribio hayo yalipojumlishwa, waliopelekwa ndio waliovunja sheria zaidi. Hofu hupita baada ya siku chache, na mbele ya wenzake kijana hulazimika kuonyesha kwamba hakutishika.

Kuna hatari inayofanana na hiyo: kuwakusanya wakorofi wote katika kundi moja la "marekebisho". Wanafundishana, na kila kicheko cha wenzao ni zawadi kwa aliyesimulia uhalifu wake. Wachanganyeni na vijana wengine kwenye shughuli yenye mpangilio, na mtu mzima asiwe mbali.

SWALI: Tuliwaunganisha vijana na walezi, yaani watu wazima wa kujitolea wa kuwaongoza, kila kijana na wake. Baada ya miezi miwili nusu ya walezi wameingia mitini. Tutafute wengine haraka?

JIBU: Haraka ndiyo iliyowaponza. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia vijana zaidi ya 1,000, baadhi yao wakiwa na walezi wa namna hii. Waliodumu na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika kuliko wote; ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Kwa kijana aliyewahi kuachwa, kuachwa tena ni jeraha juu ya jeraha.

Kwa hiyo asiyeweza kuahidi mwaka mzima apewe kazi nyingine, kazi hazikosekani. Mratibu ampigie mlezi simu wiki ya kwanza, kisha kila mwezi. Na akilazimika kuacha, aje aage ana kwa ana. Kwa wale walioachwa sasa, mratibu mwenyewe awaendee awaeleze kwamba kosa si lao, kabla ya kutaja jina la mlezi mpya.

SWALI: Msichana wa miaka 16 ameniambia jambo zito linalotokea kwao, na akaniapisha nisimwambie mtu. Nifanyeje?

JIBU: Dada, kiapo hicho huwezi kukitimiza, na ni heri ajue leo kutoka kwako. Mwambie umemwamini, amefanya vyema kusema, na utamweleza mtu mmoja au wawili tu ambao kazi yao ni kumlinda. Usimhoji. Maswali mengi humchosha na yanaweza kuharibu ushahidi. Siku hiyohiyo andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, bila kuongeza maoni yako, umkabidhi msimamizi wa ulinzi wa watoto kituoni. Kama hayupo, ofisa ustawi wa jamii. Usimwendee anayetuhumiwa, wala usiitishe kikao cha familia. Kama kurudi nyumbani usiku huo ni hatari, usingoje kesho.

Siku zijazo, semeni mpaka huo wa siri mapema, kijana anapojiunga, si pale anapoanza kulia.

SWALI: Tulipeleka vijana 10 kwa mafundi wajifunze kazi. Wamebaki watatu. Ni uvivu?

JIBU: Hesabuni kwanza kila kijana alichokuwa akiingiza kwa siku kabla ya kwenda. Kibarua kidogo kilikuwa kinalisha watu nyumbani, na uanagenzi hauleti kitu mfukoni kwa miezi kadhaa. Wengi huacha mapema, na sababu ni nauli, chakula cha mchana, au kufanywa mtumwa wa kufagia na kutumwa dukani.

Kabla ya kuanza, andikeni makubaliano ya pande tatu: kijana, fundi na kituo. Yaseme saa za kazi, nani ananunua vifaa, kijana atajua kufanya nini ifikapo mwezi wa tatu na wa sita, na kama atapewa chochote kwa kazi iliyouzwa. Mtembeleeni siku ya tatu, siku ya kumi, kisha kila baada ya wiki mbili. Kila mara zungumzeni na fundi peke yake na kijana peke yake. Msaada wa nauli na chakula utolewe kila wiki, si kwa mkupuo, na upungue polepole kadiri anavyoanza kulipwa.

Vifaa vya kuanzia kazi msivigawe siku ya mahafali mkaondoka. Mpeni nusu, nusu iliyobaki mpeni baada ya kupata wateja wa kwanza, mkishaona ni kifaa gani hasa anakihitaji. Na wale saba waendeeni sasa. Wengine watakuwa wanaona haya kurudi kituoni.