Kiti kinarudi nyuma, pedali zinakimbia: maswali yenu kuhusu jukwaa la simuleta ya ndege

Maswali ya kompyuta gani na monita gani nimeyaweka pembeni kwanza. Leo ni jukwaa tu, ile sakafu ya mbao inayobeba kiti, pedali na mavitu yote ya kurushia ndege ya kwenye kompyuta hapo nyumbani, maana wengi mnanunua yoki, ule usukani wa ndege, ya hela nyingi halafu mnaifunga kwenye meza ya kulia chakula.

Nikikanyaga breki baada ya kutua, kiti kinarudi nyuma na pedali zinakimbilia ukutani. Nimeweka tofali mbele ya pedali lakini wapi. (Tabata)

Tofali! Pole kaka, na mimi nilianza na tofali, nikaongeza la pili, nikaishia kuchubua rangi ya ukuta wa mwenye nyumba. Tatizo lako sio uzito. Mguu unaposukuma pedali kwenda mbele mgongo nao unasukuma kiti kwenda nyuma kwa nguvu ileile, sasa kama kiti kiko kivyake na pedali ziko kivyake lazima kimoja kihame tu, hata uongeze tofali kumi. Vifunge vyote viwili kwenye fremu moja hapo nguvu inaishia ndani ya mbao na sakafu haijui chochote. Kiti cha ofisi king'oe matairi, au kama unaweza tafuta kiti cha gari kwa wauza spea used, kile cha dereva chenye reli zake, kinakuja na matundu ya bolti tayari na mdogo wako mwenye miguu mifupi anakisogeza mbele bila ugomvi. Na usifunge kwa skrubu tafadhali, skrubu zinalegea kila unapoegemea. Weka bolti ya milimita 10 ipenye mpaka chini ya mbao, washa pana (ile pete bapa ya chuma), nati, imeisha.

Nitumie mbao gani, na juu niweke MDF au plaiwudi? (Mwanza)

Juu weka plaiwudi ya milimita 18. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, inapendeza dukani ila ikipata maji kidogo, chai imemwagika au dirisha limeachwa wazi siku ya mvua, inavimba kama andazi na skrubu za pembeni zinang'oka na unga wake. Ukanda wa ziwa na pwani unyevu mnaujua wenyewe. Plaiwudi nayo ipake vanishi, hasa kingo zake.

Fremu ya chini kwa mtu mmoja mbao za inchi mbili kwa nne zinatosha kabisa, jukwaa la kama sentimita 80 kwa 180, na za katikati weka moja kila sentimita 40. Ila sikiliza hapa maana wengi ndio mnapochemka: isimamishe mbao, usiilaze bapa. Mbili kwa nne ikisimama kwa ubavu inakataa kupinda mara 4 kuliko ikiwa imelala, mbao ileile hela ileile. Ukipanda kwenye mbili kwa sita iliyosimama unapata zaidi ya mara 3 tena juu ya hapo, sasa kwa mtu mmoja ya nini, unabeba uzito wa bure. Gundi ya mbao kwanza halafu skrubu, sio misumari, msumari ndio ule mlio wa kwi kwi kwi usiku wa manane. Na mbao ukizileta zikiwa mbichi usizijenge siku hiyohiyo, zipange ndani zikiwa na nafasi katikati wiki mbili tatu zikauke, zikitaka kujikunja zijikunje kabla hujazifunga. Mchwa: nunua zilizowekwa dawa, basi.

Niaje mkubwa, nataka platform ya marubani wawili kama ya ndege ya Boeing 737, kubwa kabisa. Niko ghorofa ya nne. (Nairobi)

Mwili wa 737 kwa nje una upana wa mita 3.76, jamani, hata kama puani unapungua hiyo sebule itabaki na kochi kweli? Angalia Cessna 172, vile vindege vya wanafunzi pale uwanja wa ndege wa Wilson, upana wa ndani ni kama mita moja tu na watu wawili wanakaa bega kwa bega. Plaiwudi moja nzima ya futi 4 kwa 8 inakutosha na chenji inabaki.

Ila lijenge vipande viwili. Nasema hivi kwa uchungu, la kwangu la kwanza nilijengea chumbani, zima, gundi kila mahali, nikajiona fundi, siku ya kuhama halikupita mlangoni wala halikugeuka kwenye korido, nikalikata kwa msumeno huku vijana wa kubeba mizigo wananisubiri na mita ya kirikuu inasoma. Tengeneza nusu mbili, pale zinapokutana kila nusu iwe na mbao yake iliyosimama, zikumbatishe kwa bolti nne. Pima mlango kabla ya kupima plaiwudi.

Nitajuaje limekaa sawa? Fundi wangu anapima kwa jicho. (Dodoma)

Pima kona kwa kona, zote mbili. Kwa jukwaa la sentimita 122 kwa 244 kila ulalo usome karibu 273, zikitofautiana limekaa upande, lisukume kwenye kona ile ndefu kabla gundi haijashika. Halafu weka kile kifaa cha pima maji juu yake. Sakafu zetu hizi hata ya vigae ina mabonde, kwa hiyo chini ya kila kona weka bolti ya kuzungusha kama mguu wa friji, na moja katikati kila upande.

Nimefunga spika za kutetemesha kiti, jirani wa chini kaja kugonga mlango mara mbili. (Mombasa)

Mara mbili tu, jirani mstaarabu huyo. Mtetemo unashuka na miguu ya jukwaa, sasa mkatie njia: mpira mnene chini ya kila mguu, na mpira bora ni ule wa tairi wanaotengenezea katambuga, nenda kwa fundi akukatie vipande vya kiganja. Spika zenyewe zifunge kwenye kiti, sio kwenye plaiwudi, na kati ya kiti na jukwaa weka mpira tena. Baada ya saa nne usiku zima.

Nifanye la chuma ili baadaye niweke mota za kulichezesha? (Arusha)

Ukiwa na uhakika wa mota, ndio, paipu za mraba na fundi wa kuchomelea, na swichi kubwa ya kuzima kila kitu iwe mkono unapofika. Kama ni "baadaye" ya maneno tu, jenga la mbao uruke mwezi huu.

Dari langu liko chini kidogo, kuna shida? (Temeke)

Mbili kwa nne na plaiwudi vinakuinua kama sentimita 12, ukikaa huna tatizo. Shida ni pale unaposimama kushuka huku feni inazunguka juu ya kichwa. Lisogeze jukwaa kutoka chini ya feni, na joto la Dar utalijua mbele ya safari.